Paipu za oili na maji kwenye turbo: maana yake na namna ya kuzichagua

Turbo ya gari, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wa ekzosi, huwa na paipu nne: ya kuleta oili, ya kurudisha oili, ya kuleta maji na ya kutoa maji. Turbo nyingi za malori ya dizeli hazina zile mbili za maji. Hupozwa na oili peke yake. Mafundi wa Mombasa huziita kwa jumla laini za turbo. Kwa kuwa ni vitu vidogo kando ya kifaa cha bei kali, huchaguliwa mwisho na kwa haraka, mara nyingi kwa kipande cha hosi kilichosalia karakana. Turbo nzima ya eks-Japani hufungwa namna hiyo, na wiki chache baadaye hung'olewa ikitoa moshi wa buluu, na lawama yote akabebeshwa muuzaji wa spea.

Ili uchague sawasawa, fahamu kwanza kinachopita ndani. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile ndogo za magari ya petroli hupita 200,000. Upande mmoja inasukumwa na moshi wa ekzosi, ambao kwenye petroli hufika nyuzi 900 za selsiasi na zaidi. Upande wa pili inavuta hewa ya nje. Katikati kuna beringi, na kwenye turbo nyingi beringi hizo ni bushi tupu zinazoelea ndani ya oili. Chuma hakigusi chuma. Oili ndiyo inayoibeba shafti, na ndiyo hiyo hiyo inayolibeba joto na kuondoka nalo. Huingia kwa presha ya pampu ya injini, lakini ikishapenya kwenye bushi presha yote imekwisha. Kutoka hapo hushuka kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua kwenye mlizamu. Kwa hiyo paipu ya kuleta huwa nyembamba na hubeba presha. Ya kurudisha huwa nene na haina presha hata kidogo. Watu hununua ya kuleta iliyo nzuri, yenye wavu wa chuma unaong'aa, kisha ile ya kurudisha wakaikisia. Anza na ya kurudisha.

Oili inayotoka chini ya turbo si oili tulivu kama uliyoimimina kwenye injini. Imechapwa na shafti, imejaa hewa, inatoka na povu kama tui lililokorogwa kwa nguvu. Povu linataka nafasi. Ndiyo maana paipu ya kurudisha huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 16 hadi 19, ilhali ile ya kuleta haizidi milimita 6. Itelemke moja kwa moja kutoka turbo hadi sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Tundu la kutokea oili lielekee chini, na likiinama lisizidi nyuzi 35 kutoka wima. Paipu isiwe na tumbo linaloning'inia, isipande hata sentimita moja, isibanwe mahali. Tundu la kuingilia kwenye sampu liwe juu ya usawa wa oili. Likizama, povu linakuta mlango umefungwa.

Mlango ukifungwa, oili inajaa kwenye kifua cha turbo. Hapa wengi hukosea wakidhani sili zimekufa. Sili za turbo si mpira kama ile ya krankishafti. Ni pete nyembamba za chuma, ndugu wa ringi za pistoni, na kazi yake kubwa ni kuzuia moshi na hewa ya presha visiingie kwa oili. Haziwezi kuzuia oili iliyosimama. Oili ikishindwa kushuka hupita kwenye pete hizo, ikaingia ekzosi au upande wa hewa, na gari likatoa moshi. Ukibadilisha turbo bila kugusa paipu ya kurudisha, turbo ya pili itatoa moshi ule ule. Angalia pia hosi ya kupumulia injini na vali yake: zikiziba, presha ya ndani ya injini husukuma oili irudi juu kwa njia hiyo hiyo ya sampu, hata kama paipu yenyewe haina kasoro.

Kosa la kawaida zaidi ni kutumia hosi ya hita kama paipu ya kurudisha. Kipenyo kinafanana na klipu zinakubali, kwa hiyo inashawishi. Lakini mpira wa hosi za maji haupatani na oili: hunywa oili, ukavimba na kulainika. Ivue baada ya miezi michache uibonye kwa vidole. Inalegea kama utumbo. Ichane kwa urefu na utaona ngozi ya ndani imebambuka, imekunjika katikati, na njia ya milimita 16 imebaki upenyo wa kalamu. Kwa nje ilionekana nzima. Hosi ya silikoni ya kawaida nayo ni ya maji na hewa, si ya oili. Kwa kurudisha oili tumia paipu ya chuma yenye flenji na gasketi pale juu, kisha kipande kifupi cha hosi iliyoandikwa ni ya oili ya moto, kwa ajili ya kumeza mtikisiko.

Sasa ya kuleta. Oili ichukuliwe baada ya filta, kwenye njia kuu ya injini, na mara nyingi hutolewa pale ilipo swichi ya presha ya oili. Kwenye injini nyingi za Kijapani tundu hilo lina meno ya Kiingereza ya inchi 1/8, yaani meno 28 kwa inchi. Fitingi za Kimarekani za ukubwa huo huo zina meno 27. Kwa macho hutazitofautisha. Ya Kimarekani itaingia mizunguko miwili mitatu, itakaza, fundi atadhani imeshika, kumbe imeharibu meno ya alumini na itaanza kuvuja injini ikipata moto. Pima kwa geji ya meno kabla ya kutia spana.

Namba za fitingi zinazouzwa kwa kazi hii ni rahisi: kila namba ni sehemu ya kumi na sita ya inchi. Namba 4 ni robo inchi, kama milimita 6. Namba 3 ni kama milimita 4.8. Namba 10 ni kama milimita 16. Turbo ya bushi huletewa oili kwa namba 4. Turbo ya beringi za gololi inataka oili pungufu kuliko ya bushi: namba 3 au 4, pamoja na kipunguzio chenye tundu la milimita 1 hivi. Usiitie turbo ya bushi kipunguzio hicho cha milimita 1, utaiua kwa kiu. Wala usipanue tundu la kipunguzio kilichomo kwenye boliti ya banjo, ile yenye njia ya oili ndani yake, ukidhani oili nyingi ni heri. Ile ya ziada itaifurisha paipu ya kurudisha na utarudi kwenye moshi. Kagua kwanza kama turbo yako tayari ina kipunguzio ndani, maana viwili kwa pamoja ni njaa. Kwenye Subaru nyingi zenye injini ya EJ na turbo, boliti ya banjo ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa hukiziba, na turbo inakauka huku geji ya presha ya injini ikionyesha kila kitu ni shwari. Unapofunga turbo nyingine, kitoe ukisafishe au uweke kipya.

Mjini wapo mafundi wanaobana hosi za haidroliki za foklifti na matrela. Kazi yao ni safi na hosi zao hustahimili presha ya zaidi ya baa 200. Ila presha ya oili ya injini ni baa nne hadi sita tu. Adui hapa ni joto. Hosi ya kawaida ya haidroliki imetengenezewa nyuzi 100 hivi, na sentimita chache kutoka manifoldi hukauka ikapasuka. Oili ikidondoka juu ya ekzosi nyekundu, gari linawaka moto. Omba hosi yenye utando wa ndani wa teflon na wavu wa chuma kisichoshika kutu, inayovumilia zaidi ya nyuzi 200, na fitingi zake zenyewe, kwa sababu fitingi za hosi ya mpira hazishiki teflon. Mwambie fundi uso wa fitingi unaotaka: wa nyuzi 37 na wa nyuzi 45 hufungana kwa mkono lakini haziketi. Usiikunje kwa kona kali, teflon ikivunjika mkunjo haurudi. Iepushe na kila inachoweza kusugua, maana wavu ule hukata kama msumeno, hata alumini. Paipu ya shaba ya friji usiiweke: hugumishwa na mtikisiko, kisha hukatika shingoni mwa nati.

Kwenye maunganisho yote ya oili usipake silikoni ya tyubu. Kinachominyika ndani hukatika, kikasafiri mpaka kwenye tundu la milimita moja, kikakaa hapo. Washa za shaba za banjo ziwe mpya kila mara, moja kila upande.

Paipu za maji umuhimu wake huonekana injini ikishazimwa. Gari limetoka Ukunda kwa mwendo, likafika foleni ya feri Likoni, dereva akazima papo hapo. Oili imesimama, lakini kibanda cha ekzosi bado kina joto la mamia ya nyuzi, na linatambaa kuelekea kwenye beringi. Oili iliyosalia humo huungua ikawa ukoko. Maji ndiyo yanayookoa, na hayahitaji pampu: yakipata moto huwa mepesi, hupanda, na ya baridi huja nyuma yake. Ili hilo litendeke, maji yaingie upande wa chini wa turbo na kutokea upande wa juu, na paipu ya kutoa ipande mfululizo hadi kwenye tangi la juu au hosi ya rejeta. Ikipanda kisha ikashuka, hewa hukaa kwenye kile kilima na mzunguko hukoma. Kipenyo cha ndani cha milimita 8 hadi 10 kinatosha. Hosi nzuri ya maji inafaa hapa, mradi iwe mbali na ekzosi.

Maji yenyewe yaangaliwe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na njia ya maji ndani ya turbo ni nyembamba kuliko ile ya injini, kwa hiyo magadi huiziba mapema. Tia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima: cha baa 1.1 husogeza kuchemka kwa maji hadi nyuzi 120 hivi. Kikilegea, hapa usawa wa bahari yatachemka kwa 100.

Ukimaliza kufunga, mimina oili safi kwenye tundu la kuletea na uzungushe shafti kwa kidole. Ondoa waya za injekta, au kwenye dizeli zima mafuta, kisha piga stata kwa sekunde 10, pumzika, rudia hadi taa ya oili izimike. Washa, acha injini izunguke polepole dakika chache bila kukanyaga, na toa hewa kwenye maji. Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, kaza klipu za maji na upapase chini ya flenji ya paipu ya kurudisha kwa kitambaa cheupe.