Acheni swichi, muogopeni hakimu

Wiki haipiti hapa Ngamiani bila mtu kunisimamisha kahawani: eti Marekani ina swichi, ikikasirika itatuzimia intaneti, na dawa yake ni hizi ofisi zinazosimamia majina na anwani za intaneti zihamie Afrika. La swichi nimechoka kulijibu. Seva za mzizi, yaani kompyuta zinazoanzia kutafuta kila jina la tovuti, zina majina 13 tu, ila nakala zake zinapita elfu moja na zimetapakaa dunia nzima. Mwishoni mwa Februari 2022 Ukraine iliiomba ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, iiondoe .ru ya Urusi; Machi ikakataliwa. Yameisha.

Hilo la kuhamia Afrika ndilo linalonichoma roho. Juzi niliweka kompyuta kando ya bao, nikafungua whois, huduma ya kuangalia anwani imesajiliwa wapi, nikaingiza anwani ya IP, ile namba ya simu ya mzee mmoja kwenye intaneti. Mstari wa chanzo: AFRINIC, rejista inayogawa anwani hizo Afrika. Makao yake ni Ebene, Mauritius. Afrika hiyo, wazee wangu! Na kati ya rejista tano za dunia, hakuna iliyosota kama hii. AFRINIC ilitaka kuinyang'anya kampuni ya Cloud Innovation anwani zaidi ya milioni 6. Kampuni ikakimbilia mahakamani, na Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zikafungiwa kabla kesi ya msingi haijasikilizwa. Bodi ikaishiwa akidi. Septemba 2023 mahakama ikamteua msimamizi wa kuiendesha. Hapo hapana rais wala mwanajeshi. Ni hakimu, wakili na muhuri.

Intaneti ilikatika? Wapi! Ruta, mitambo inayosafirisha data, hazisomi hukumu. Ni kama ofisi ya ardhi: ikifungwa, nyumba yako haibomoki, lakini hebu jaribu kuuza kiwanja.

California nako ni yale yale. ICANN imesajiliwa kule tangu 1998. Oktoba 2016 serikali ya Marekani iliachia usimamizi wake, watu wakapiga vigelegele, ila usajili haukusogea hata hatua moja. Mwaka huo huo jaji wa huko alikuwa ameizuia .africa, jina ambalo Umoja wa Afrika ulishaamua nani aliendeshe. Tulilipata Februari 2017.

Sasa hapa ndipo ninapopata kigugumizi. Mwaka 2020 .org, mwisho wa majina ya tovuti za mashirika mengi, ilikuwa inauzwa kwa wawekezaji. Mwanasheria Mkuu wa California akaandika barua kali, na ICANN ikayakataa mauzo mwezi ule ule. Nilishangilia. Yaani mkono wa dola niliokuwa nautukana umenifaa!

Basi mtaniambia twende Geneva, tuwe na kinga ya kutoshtakiwa kama ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Sawa, hakuna wa kufungia akaunti. Lakini mtoa huduma mdogo wa intaneti wa Pangani akidhulumiwa anwani zake, atamshtaki nani, wapi? Nimewauliza wanasheria wawili watatu, kila mmoja na lake, na hakuna aliyeniridhisha.