Chama cha Tatu Huanzia Wilayani: Maelezo kwa Wanaokusudia Kusajili Vyama

Kila uchaguzi mkuu wa Uganda unapopita, sisi tunaoshughulikia masuala ya vyama hufikiwa na wananchi waliochoshwa na vyama vikubwa na wanaotaka kuanzisha kingine cha mageuzi. Nia yao ni njema, na Ibara ya 72 ya Katiba inawapa haki hiyo. Malalamiko huanza maombi yao ya usajili yanaporudishwa, kwani wengi huamini kwamba sheria ilitungwa ili kuwazuia.

Wenye imani hiyo wakumbuke mwaka 1980. Kati ya UPC (Uganda People's Congress) na DP (Democratic Party), vyama vilivyokuwa na matawi vijijini tangu kabla ya uhuru, kilizuka chama cha UPM (Uganda Patriotic Movement) kikiongozwa na Yoweri Museveni, kikiwa na vijana wasomi na hoja nzito za kuachana na siasa za dini na kabila. Katika uchaguzi wa tarehe 10 Desemba kilipata kiti kimoja tu, cha Crispus Kiyonga kule Kasese. Uchaguzi ule ulilalamikiwa sana, hasa baada ya Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyotawala nchi wakati huo, kujitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, na si kazi ya makala haya kuamua ubishi huo. Hata hivyo, katika jimbo la Mbarara Kaskazini Museveni mwenyewe alishindwa na Sam Kutesa wa DP, chama ambacho nacho kilidai kuibiwa kura. UPM ilikuwa na umri wa miezi michache, na hoja nzuri hazikuweza kufanya kazi ya matawi ambayo hayakuwepo. Februari 1981 Museveni na wenzake waliingia msituni kuanza vita vya msituni dhidi ya serikali, na chama kikatoweka.

Hii ndiyo sababu mimi binafsi nalitetea sharti linalolalamikiwa kuliko yote. Sheria ya Vyama na Mashirika ya Kisiasa ya mwaka 2005 inamtaka mwombaji awasilishe majina na anwani za wanachama wasiopungua 50 kutoka katika kila wilaya, katika angalau theluthi mbili za wilaya za kila kanda. Nasisitiza: za kila kanda, wala si za nchi nzima kwa jumla, jambo ambalo limeelezwa mara nyingi mno kiasi kwamba halipaswi kuulizwa tena. Kanda ikiwa na wilaya 30, zinahitajika wilaya 20, yaani watu 1,000 katika kanda hiyo pekee, na ziada ya Kampala haiwezi kufidia upungufu wa Karamoja, iliyo katika kanda nyingine. Wanachama hao sharti wawe wakazi wa wilaya husika au wapiga kura walioandikishwa humo. Nimepata kushika orodha ambayo majina yote 50 ya wilaya moja yaliandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na nikasikitika, kwa kuwa waliokuja nayo walikuwa watu wa dhati.

Baada ya usajili, chama huwasilisha kila mwaka hesabu zilizokaguliwa. Kisipotekeleza matakwa ya sheria, Tume ya Uchaguzi hukitaka kwa maandishi kifanye hivyo, na kikikaidi, Tume huiomba Mahakama Kuu iamuru kifungwe. Kupata kura chache si kosa: mwaka 2021 Mugisha Muntu wa chama cha ANT (Alliance for National Transformation) hakufikisha asilimia 1 katika kura za urais, na chama chake hakikufutwa. Mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chini ya Ibara ya 83, ingawa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kufukuzwa chamani si sawa na kuhama.

FDC (Forum for Democratic Change) nayo, iliyozaliwa mwaka 2004 na kuwa mpinzani mkuu wa serikali kwa miaka mingi, ilipitwa na chama cha NUP (National Unity Platform) mwaka 2021, kisha mwaka 2023 ikagawanyika hadharani. Waliojitenga hawakuruhusiwa kuondoka na usajili wa FDC, bali walianza upya kukusanya wanachama wilaya kwa wilaya, hadi chama chao cha PFF (People's Front for Freedom) kikasajiliwa mwaka 2025.