Je, wajua kwa nini pikapu mpya husita ukikanyaga mafuta, halafu gia ikaingia kwa kishindo?

Wiki ya pili tangu achukue pikapu yake shorumu, viti bado vina nailoni, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Chalinze. Alikuwa anatoka kituo cha mafuta kuingia barabara kuu. Kaangalia kulia, basi liko mbali, akakanyaga. Gari likatulia.

"Shemeji, nakwambia ilinyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni," alisema. "Halafu ghafla, paa! Gia imeingia, tumeruka, basi liko mgongoni linanipigia honi."

Swali lake lilikuwa moja: gari halijafikisha hata kilometa 1,000, limepata wapi tabia za gari lililochoka? Shorumu (sitaitaja, haina umuhimu) walimjibu kwa neno moja, kwamba ndivyo zilivyo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limefupishwa mno.

Tuanzie mguuni. Ukipanda Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, haina tabo (feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini) wala kompyuta, ukikanyaga pedeli unavuta waya. Waya unavuta mkono wa pampu, pampu inaongeza dezeli, injini inanguruma. Hakuna wa kuulizwa ruhusa njiani. Pikapu ya leo haina waya huo. Chini ya pedeli kuna sensa mbili, kila moja inapeleka umeme wake kwa kompyuta, na kompyuta inazilinganisha. Zikipingana, haiamini yoyote. Inapunguza nguvu na kukuwashia taa. Zikikubaliana, inachukulia kwamba dereva ameomba nguvu ya kiasi fulani. Neno ni hilo: ameomba. Mguu wako sasa unaandika barua tu, na kuna ofisi ya kuijibu.

Kinachojadiliwa kwenye ofisi hiyo, kwanza kabisa, ni hewa. Mnaokumbuka pikapu za dezeli za miaka ya nyuma mnaukumbuka na moshi wake. Dereva alikuwa akikanyaga kwa hasira, wingu jeusi linafunika waendesha baiskeli wote waliokuwa nyuma. Moshi ule ni dezeli iliyomwagwa kwenye silinda kabla hewa ya kuichoma haijatosha. Injini za sasa haziruhusiwi kufanya hivyo. Kompyuta inajua hewa iliyoingia ni kiasi gani, na dezeli inaipima kulingana na hewa hiyo, hata kama mguu umefika sakafuni.

Na hewa hiyo inaletwa na tabo. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ikikolea inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini gari likiwa linatambaa, moshi ni kidogo, tabo imesinzia. Umekanyaga, ili hewa iongezeke, tabo izunguke, ili tabo izunguke, moshi uongezeke, ili moshi uongezeke, dezeli iongezeke, na dezeli inasubiri hewa. Mduara huo unajifungua wenyewe, ila kidogo kidogo, na dereva anayahesabu hayo kama ubovu. Tena injini zimepunguzwa ukubwa. Kazi iliyokuwa ya lita tatu au nne siku hizi inafanywa na lita 2.0 au 2.4, kwa hiyo bila tabo kuamka hamna kitu pale mbele.

Aliyepanda Kitonga kwenda Iringa ameliona hili hata kama hakulijua jina lake. Kwenye mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Tabo inabidi izunguke zaidi ili ifikishe hewa ile ile, na kusita kunarefuka. Ndivyo ilivyo Nairobi pia, na Mbeya. Gari lililokuwa jepesi Bagamoyo likionekana zito Mafinga, usikimbilie kwa fundi.

Sasa giaboksi, ambako kishindo kinatoka. Hapa nitakaa kidogo.

Giaboksi ya otomatiki haina klachi moja ya kukanyagwa. Ina pakiti kadhaa za klachi ndani ya oili, na oili hiyo ikiongozwa na valvu za umeme ndiyo inayozibana na kuziachia. Kubadili gia maana yake klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Aliyepokea akishika mapema kabla mwenzake hajaachia, zinavutana na gari linashtuka. Akichelewa, injini inapaa hewani sekunde ile, inanguruma bure, kisha klachi inashika kwa nguvu na unasikia kishindo mgongoni. Muda wa kufanya yote hayo vizuri ni mfupi kama kupepesa jicho.

Chukua mfano wa giaboksi ya gia kumi ya Ford, ile inayoitwa 10R80. Ford na General Motors walikubaliana mwaka 2013 kutengeneza kwa pamoja giaboksi za aina hii, na ya gia kumi ikaingia kwenye pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 2017. Baadaye ikafika hadi kwenye Ranger. Ndani yake kuna klachi sita, na katika kila gia nne zimeshika na mbili zimeachia. Gia ya kwanza ina uwiano wa 4.696 (injini inazunguka mara 4.696 kwa kila mzunguko mmoja unaotoka giaboksi), ya pili 2.985. Maana yake, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,400 gia ya kwanza, ikiingia ya pili lazima ishuke hadi kama 1,525 papo hapo. Hilo ni pengo la mtu kuruka mtaro. Linganisha na gia ya tisa kwenda ya kumi, 0.689 hadi 0.636: injini inashuka kwa mizunguko mia moja na kitu tu, abiria wala hajui. Ndiyo maana malalamiko mengi ya kishindo huwa ni ya gia za chini, kwenye foleni, gari linapokwenda na kusimama, na si kwenye lami iliyonyooka.

Halafu klachi hizo hazitoki kiwandani zikiwa pacha. Moja ina nafasi finyu, nyingine imelegea kwa unene wa karatasi. Valvu hii inafunguka upesi, ile inavuta miguu. Kompyuta inaanza na makadirio ya kiwanda, kisha kila gia inapobadilika inaangalia: tumechelewa? tumewahi? Inarekebisha kidogo, inaandika, inangoja safari nyingine. Kitabu cha Ford chenyewe kinamwambia mnunuzi kwamba giaboksi mpya inaweza kuingiza gia kwa ugumu au kwa ulaini kupita kiasi, na kwamba itajirekebisha kadiri inavyotembea. Tatizo ni kwamba hakuna anayekisoma kitabu hicho. Kinakaa kwenye droo ya dashibodi pamoja na risiti za maegesho.

Kujifunza huku kunataka mazingira. Oili ikiwa baridi ni nzito, na asubuhi ya Njombe gia za kwanza zitagonga tu. Kompyuta nyingi husubiri oili ipate joto ndipo zianze kuandika. Mtu anayeendesha kilometa mbili kutoka nyumbani hadi dukani, akazima, akarudi, anaweza kumaliza miezi mitatu giaboksi bado inaendelea na makadirio ya kiwanda. Na yule anayekanyaga hadi mwisho kila mara, naye anaifundisha gia za mbio tu, zile za taratibu zinabaki kama zilivyotoka.

Turudi Chalinze. Shemeji alikuwa anatambaa, kilometa 15 hivi kwa saa, mguu umetoka kwenye pedeli. Kompyuta imekata dezeli kuokoa mafuta na imeweka gia ya juu kidogo kuliko anavyodhani. Akakanyaga ghafla. Kwa mpigo mmoja dezeli irudi, gia ishuke moja au mbili, tabo iamke, na wakati gia inashuka kompyuta inabana nguvu ya injini kwa makusudi ili klachi zisiungue. Kila jambo peke yake ni kitambo kidogo tu. Yakipangana foleni yanakaribia sekunde nzima, na basi linalokuja kwa kilometa 80 kwa saa linakuwa limekula mita 22.

Nilimpeleka kwa fundi ninayemwamini, kijana wa Kibaha. Alichomeka mashine, akaniwekea laptopu mapajani, tukatoka kuelekea Mlandizi. "Bosi, angalia hii mistari miwili, usiangalie barabara," akaniambia. Shemeji akakanyaga. Mstari wa pedeli ukasimama wima kama mnazi. Mstari wa hewa ya tabo ukabaki chini, ukajikunja, ukapanda taratibu hadi ukaufikia. Akamwambia akanyage tena, safari hii kwa kuanza kidogo, kuhesabu moja, kisha kuongeza. Mistari ikapanda karibu pamoja. "Gari haliumwi," fundi akasema. "Unaliamsha kwa kofi."

Akampa zoezi: gari likishapata moto, tafuta barabara tulivu, ondoka kwa mguu wa wastani usiobadilika hadi gia zipande zote, kisha punguza kwa breki laini hadi kusimama kabisa. Rudia mara kadhaa, siku kadhaa. Na shorumu waangalie kama programu ya giaboksi ina toleo jipya, kwa sababu makadirio yale ya kiwanda huwa yanasahihishwa, na ndani ya waranti hiyo kazi haina malipo.

Kuna vijisanduku vinauzwa, unachomeka kwenye pedeli, gari "linachangamka". Haviongezi hata farasi mmoja. Vinachofanya ni kuipandisha barua yako: umekanyaga robo, vinaiambia kompyuta umekanyaga nusu. Kitufe cha PWR (cha nguvu) kwenye magari mengi kinafanya kazi ya namna hiyo hiyo bila kulipia kitu, na cha ECO (cha kubana mafuta) kinafanya kinyume chake. Mtu aliyeacha ECO imewaka halafu analalamika gari zito, nimemwona zaidi ya mmoja.

Sababu nyingine inayowachanganya watu ni filta ya masizi, DPF, kwa pikapu zilizo nayo. Si zote zinazouzwa kwetu. Ikijaa, injini inachoma masizi hayo kwa joto la nyuzi kama 600, na wakati huo mizunguko ya injini inakaa juu hata usipokanyaga, gia zinachelewa kupanda, gari linakuwa na sauti usiyoizoea. Baada ya dakika kumi, ishirini, limerudi. Filta hizi zinataka dezeli yenye salfa kidogo, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Ya kwenye madumu pembeni mwa barabara haina anayeiapia, na mara nyingi ina maji, na maji kwenye mfumo unaosukuma dezeli kwa msukumo wa baa zaidi ya 2,000 yanaua nozeli.

Na kuna ugonjwa wa kweli, ambao hausubiri gari lijifunze. Ukiwa kilometa 60 hadi 80 kwa saa mguu umetulia, halafu gari linatetemeka kama linapita kwenye rasta na barabara ni laini, hiyo mara nyingi ni torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) au oili yake. Ukiweka D ukahesabu hadi tatu ndipo gari liitikie, au gia ikakwama moja tu haipandi, au taa ya injini ikawaka, usiendelee kulifundisha; lipeleke, na andika tarehe, kilometa na mazingira ili usiambiwe tena ndivyo zilivyo. Video ya simu inayoonyesha mshale wa mizunguko ukiruka inamaliza ubishi haraka kuliko maelezo. Kishindo kinachosikika nyuma tu unapoondoka au kusimama kinaweza hata kisiwe cha gia: pikapu ina propela ndefu na springi za mabamba zilizopangwa kwa mzigo wa tani, na ikiwa tupu ekseli ya nyuma inajipinda kidogo na kurudi. Shemeji aliweka mifuko sita ya saruji, kishindo hicho kikapungua nusu.

Sasa gari lake lina kilometa elfu nne na ushei. Programu ilibadilishwa, mguu wake nao umebadilika, na pale Chalinze anatoka bila kupigiwa honi. Kilichobaki ni ile gia ya pili kushuka ya kwanza kwenye foleni ya Mbezi, inagonga kidogo kila jioni. Ameshaizoea, kama jirani asiyejua kufunga mlango taratibu.