Kutengeneza gemu si kucheza gemu

Hapa Kigoma, mzazi akimkuta mwanawe anatengeneza gemu kwenye kompyuta husema, "Huyu anacheza tu, programu hajifunzi." Sivyo.

Chukua gemu ya mtumbwi unaovua dagaa usiku, Ziwa Tanganyika. Kwenye Scratch, programu ya bure ya kutengenezea gemu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, jukwaa, yaani eneo la gemu kwenye skrini, lina upana wa nukta 480 na kimo cha 360, sifuri ikiwa katikati. Mtumbwi ukivuka katikati kwenda kushoto, namba za mahali ulipo zinakuwa hasi, zilezile zinazowasumbua wanafunzi kwenye hisabati. Dagaa akigusa wavu, alama ziongezeke 1: hapo pana sharti (hili likitokea, fanya lile) na kigeu (namba inayobadilika, kama alama). Dagaa waogelee hadi muda uishe: huo ni mzunguko, yaani maagizo yanayorudiwa. Na alama zikigoma kurudi sifuri gemu inapoanza upya, mtoto atasoma maagizo yake moja baada ya jingine mpaka aone alipokosea. Mimi kazi hiyo ya kusaka kosa naithamini kuliko zote, maana waandishi wa programu hushinda nayo kutwa.

Intaneti isiwe kisingizio: Scratch ikishapakuliwa, hufanya kazi bila mtandao.