Maumivu ya muundi na shavu la mguu kwa wakimbiaji

Mkimbiaji anapofika kwangu akilalamika kwamba mguu unamuuma chini ya goti, humwomba kwanza anionyeshe kwa kidole mahali panapouma. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nalitegemea sana jibu hilo, kwa sababu maumivu ya mfupa wa muundi na yale ya misuli ya shavu la mguu hayatibiwi kwa namna moja, hata kama yote yameletwa na mbio.

Keti, kisha pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kuanzia juu kidogo ya kifundo cha mguu kuelekea goti. Ukikuta eneo lenye urefu wa sentimita 5 au zaidi linalouma unapolibonyeza, yaelekea mfupa na utando unaoufunika vimeelemewa. Mwanzoni maumivu haya hujitokeza unapoanza kukimbia, hupungua mwili ukishapata moto, kisha hurudi baada ya mazoezi au asubuhi inayofuata. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakiamini kwamba maumivu yanayotoweka katikati ya mbio hayana madhara. Mfupa ni kiungo hai: ukielemewa, mwili huondoa kwanza sehemu iliyochakaa, na baadaye tu ndipo hujenga mpya, kazi ambayo huchukua miezi, ilhali moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya majuma machache. Kwa hiyo pumzi hukuruhusu kuongeza umbali wakati mfupa bado haujawa tayari.

Maumivu yakijikusanya mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, yakazidi kadiri unavyokimbia, au yakakuamsha usiku, acha kukimbia na umwone daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Eksirei ya majuma ya mwanzo mara nyingi haiuonyeshi ufa huo, hivyo usitulizwe na picha isiyo na kasoro. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huuona mapema zaidi. Nawasisitizia jambo hili hasa wanawake ambao hedhi yao imekatika tangu waongeze mazoezi, maana mwili usiopata chakula kinacholingana na kazi yake hudhoofisha mifupa.

Kwa upande wa nyuma, shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Ule wa juu, unaovuka goti, kwa kawaida huumia ghafla, na mtu huhisi kana kwamba amepigwa kutoka nyuma. Ule wa ndani, uliofunikwa na huo wa juu, hukaza polepole, kilomita baada ya kilomita, nao ndio unaobeba mzigo mkubwa zaidi katika kila hatua, mara kadhaa ya uzito wa mwili. Kuunyoosha peke yake hakutoshi; unahitaji nguvu. Simama kwa mguu mmoja, uinue kisigino na kukishusha taratibu, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa, kwani ukikunja goti ndipo msuli wa ndani hufanya kazi kubwa zaidi.

Lakini shavu moja likivimba, likapata joto na kuuma hata ukiwa umetulia, hasa baada ya safari ndefu au upasuaji, usilikande: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kwa mwenye tatizo la muundi lisilo na ufa, mimi humruhusu kurudi mbioni anapoweza kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu, na kubonyeza mfupa hakumuumizi tena. Huanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika moja, siku moja mbio, siku inayofuata mapumziko, akiongeza umbali kwanza na kasi baadaye. Humshauri pia afupishe hatua zake na kuongeza idadi yake kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, kwa sababu mguu unaotua karibu na mwili huupunguzia muundi mshindo.