Je, wajua kwa nini miti ya kilele cha Uluguru huendelea kudondosha maji baada ya mvua kukoma?

Anayepanda milima ya Uluguru kutoka Morogoro hadi kwenye msitu wa juu kabisa, ambako miti ni mifupi na imejipinda, hukuta matawi yakichuruzika maji ingawa mvua imekwisha saa nyingi. Ukishika tawi hulioni gome lake, kwa kuwa limevikwa koti zito la vimea vya kijani na kahawia ambavyo wapitanjia huviita ukoga.

Sehemu kubwa ya koti hilo ni mimea-ini. Jina hilo lilitoka kwa Wazungu wa kale, waliodhani kwamba baadhi ya aina zake zinafanana na ini na kwa hiyo zingetibu maradhi yake, dhana ambayo haikuwa na msingi wowote.

Tuchukue jenasi moja (yaani kundi la aina zinazohusiana kwa karibu), Frullania, inayotambaa juu ya magome kama nyuzi bapa za rangi ya kahawia nyekundu. Ukigeuza kipande chake na kukitazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba kila jani lina sehemu ndogo iliyojikunja mfano wa kofia au mtungi. Mvua inyeshapo, vimtungi hivyo hujaa maji, na ndani yake huishi rotifa, wanyama wadogo mno wasioonekana ila kwa hadubini. Mmea wenyewe hauna mizizi wala haumnyonyi mti unaoubeba. Vinyweleo vyake ni vya kujishikiza tu, na maji huingia moja kwa moja kupitia majani ambayo unene wake ni wa seli moja. Kukiwa na ukame husinyaa na kunyamaza, kisha ukilowa tena huendelea na maisha yake. (Wakata miti wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanaujua kwa sababu nyingine: kemikali zake huwawasha ngozi.)

Kimtungi kimoja hakina uzito wowote, lakini msitu mzima ni jambo jingine. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alipima koti hilo huko Uluguru na kuchapisha matokeo mwaka 1980: katika msitu wa kilele, mimea yote inayoota juu ya miti, mimea-ini ikiwa miongoni mwake, ilifikia takriban tani 14 kwa hekta ikiwa mikavu, ilhali katika msitu wa chini zaidi ilikuwa kama tani 2 tu. Hekta moja ya kileleni iliweza kuzuia lita 50,000 hivi katika mvua moja, yaani madumu 2,500 ya lita 20.

Sehemu ya maji hayo hurudi hewani kama mvuke, na sehemu hudondoka polepole, tone kwa tone, kwenye udongo wa miteremko mikali ambao mvua ya moja kwa moja ingeuporomosha. Kutoka huko huingia katika vijito vinavyoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Mti ukikatwa, koti huenda nao. Kupanda mkaratusi mahali pake hakusaidii sana, kwa sababu mkaratusi hubambua gome lake mara kwa mara, na mmea-ini, ambao hukua taratibu, haupati pa kushika.