Kiharusi cha ukoo na sinia la matunda: maswali ya kwenye benchi la kliniki

Mwezi haupiti bila kuletewa mtu aliyepooza upande mmoja. Nikiuliza dawa zake za presha ziko wapi, ndugu wanatazamana, kisha mmoja anasema: aliziacha, siku hizi alikuwa anatumia matunda. Ndiyo maana nayajibu haya kwa maandishi.

Kiharusi ni nini?

Ni sehemu ya ubongo kukosa damu, ama kwa mshipa kuzibwa na donge, ama kwa mshipa kupasuka. Sehemu hiyo huanza kufa dakika hiyo hiyo. Chanzo kikubwa cha yote mawili ni presha ya kupanda, ambayo mara nyingi haiumi popote.

Babu alipooza, baba akapooza. Zamu yangu inakuja?

Kiharusi hakina zamu. Unachorithi ni wepesi wa kukipata. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2018, wa watu zaidi ya 300,000, ulikuta wenye vinasaba vya hatari kubwa wanapata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya wenye hatari ndogo. Ila wanaoishi vibaya (sigara, unene, mlo mbovu, kukaa tu) waliwazidi wanaojitunza kwa asilimia 66, awe na vinasaba vya namna gani.

Halafu ukoo haurithishani damu peke yake, unarithishana na chungu. Familia nyingi ninazoziona zimerithi mkono wa bibi wa kutia chumvi. Kama kwenu wamepooza wawili watatu, anza kupima presha ukiwa kijana, usingoje kichwa kiume.

Mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni habari nyingine. Huyo anaweza kupata kiharusi akiwa mdogo kabisa, na anahitaji kliniki yake, si mazungumzo ya maembe.

Matunda yanasaidia kweli?

Yanasaidia. Yana madini ya potasiamu, ambayo huzisaidia figo kutoa chumvi kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. China walifuatilia watu wapatao nusu milioni kwa miaka kadhaa. Waliokula matunda kila siku walipata kiharusi kwa uchache kuliko wasiokula, ingawa mla matunda wa kila siku huenda pia ana fedha na mazoea mengine mazuri. Presha yao, ile namba ya juu, ilikuwa chini kwa takriban 4.

Sasa wewe umekuja na 190. Toa 4, imebaki 186. Umeona?

Basi nikizidisha matunda, naweza kuacha vidonge?

Hapana.

Lakini nimepima juzi, ni 128. Nimepona.

Hujapona, umedhibitiwa. Ni 128 kwa sababu unameza. Maziwa hayakufurika kwa sababu ulipunguza moto. Ukichochea kuni tena usiyalaumu. Usiache vidonge.

Na kitunguu saumu na limao, asubuhi kabla ya kula?

Mzee wangu, swali ni lile lile, umebadilisha glasi tu. Kunywa kama unapenda, lakini meza na kidonge. Kikikuletea kikohozi au miguu kuvimba, rudi tubadilishe, zipo aina nyingi. Usikiache kimya kimya halafu tukutane wodini.

Nile matunda gani?

Ya msimu, yaliyo rahisi sokoni kwenu: papai, chungwa, pera, embe, parachichi. Lile tunda lenyewe, si juisi. Juisi ya ukwaju yenye sukari robo glasi tusiiite tunda. Na lile embe bichi la mlangoni mwa shule, lililopakwa chumvi na pilipili hadi linameta, limeshakula sehemu kubwa ya chumvi yako ya siku, ambayo yote haitakiwi kufika kijiko kimoja cha chai.

Wawili waulize kwanza. Mwenye figo zilizochoka, maana potasiamu ya ndizi, parachichi na madafu inaweza kumzidi. Na anayetumia nifedipini, moja ya dawa za presha, akae mbali na balungi: hupandisha kiwango cha dawa hiyo mwilini.

Mama mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Jirani anasema ni upepo, tumtafutie mtu amsomee kwanza.

Dua someni ndani ya gari. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Si kila hospitali inayo, kwa hiyo hata njia inakula muda wako. Dalili zikipotea zenyewe baada ya nusu saa, bado mleteni. Msimpe maji, uji wala juisi, atapaliwa. Msimmezeshe vidonge vya presha vya jirani. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, ndilo swali la kwanza tutakalowauliza. Na mje na pakiti ya vidonge vyake, hata kama bado imejaa.